Keki Kumi na Tisa

Shemsa, nimefungua tovuti yako saa tatu usiku,
mvua ya Dundee inagonga dirisha kama mwenye nyumba anayedai kodi,
na kabla sijaona hata picha moja
nimeona maua yakidondoka,
jina lako likizunguka kwa herufi za dhahabu,
kisha kinanda kikalia bila kuombwa.
Paka wa jirani, aliyekuwa kalala pajani mwangu, akaruka.
Nilihesabu: sekunde kumi na moja.
Kizuri chajiuza, ndiyo,
ila hakijiuzi kikiwa kimefungiwa chumbani.

Uliniomba nikwambie kweli.
Basi njoo Jumamosi, mimi nitachemsha tangawizi.

Ulikuja umelowa, ukajitetea kabla hujavua koti.
Picha mia mbili na kumi na nne!
Harusi ya Bi Agnieszka: keki ileile, pembe kumi na tisa.
Daraja la mto Tay asubuhi, daraja jioni, daraja na ukungu,
daraja ambalo kila mwenye simu mjini humu analo.
"Nikipunguza," ukasema, "watajua mimi mchanga."
Wewe ni mchanga, Shemsa. Tangu Februari.
Uchanga hauna aibu. Keki kumi na tisa zinayo.

Tukaanza kufuta.
Dhahabu ilitangulia, kinanda kikafuata.
Maua uliyalilia kidogo, uliyanunua pauni tisa.
Menyu ilikuwa na milango kumi na mitatu,
tukabakiza mitatu: kazi, mimi, niandikie.
Nyuma tukaweka weupe mtupu
ukauliza kama watu hawatadhani tumehama.
Nikakuletea sahani.
Nani huichora sahani mpaka wali usionekane?
Ukacheka, ukaila ile biskuti iliyokuwa juu yake.

Picha zako zilikuwa nzito kama magunia ya chumvi;
tukazikondesha moja moja
mpaka simu yako kuukuu, yenye ufa,
ikazifungua bila kuhema.
Keki ikabaki moja: ile iliyokwisha kuliwa,
kisu kimejilaza, kidole cha mtoto kimepita kwenye krimu.
Daraja hatukuacha hata moja.

Na huko chini, ukurasa wa tisa, ambako hafiki mtu,
nikamkuta Bwana Farquhar, fundi viatu wa Hilltown,
misumari mitatu midomoni,
anakitazama kisigino kama anayesoma barua ya deni.
"Hiyo ina giza," ukasema. "Nilisahau kurekebisha mwanga."
Nikaivuta juu kabisa. Ikaenea kioo kizima.
Birika lilizimika lenyewe, hakuna aliyeinuka.

Tuligombana kwenye "mimi".
Ulikuwa umeandika: *Shemsa ni msanii wa kimataifa.*
Kimataifa! Ulifika Carlisle kwa basi, ukarudi na mafua.
Ukanyang'anya kibodi, ukaandika kwa hasira:
*Naitwa Shemsa Kibwana. Nilianza Februari.
Kamera bado nailipia.
Napenda kumtazama mtu anapofanya kazi
akasahau kuwa anatazamwa.*
Nikasema, hilo la mwisho lifute, litatisha watu.
Ukakataa. Ukabonyeza *hifadhi*, ukavaa koti,
ukashuka ngazi bila kumaliza chai.

Wiki ya tatu ukanipigia, sauti imepanda juu ya paa.
Barua imekuja, na hakuna anayeolewa.
Ni mwanamke wa Broughty Ferry, hutengeneza fidla,
kamwona fundi viatu, kausoma mstari ule.
Anauliza kama unaweza kwenda kwake Alhamisi,
ukakaa pembeni mpaka akusahau.

Anauliza pia bei.
Tulitafuta pamoja, wewe kule, mimi huku,
kazi, mimi, niandikie,
bei haikuwepo popote.
Hilo, Shemsa, nililifuta mimi.